Gunia la Pili

4 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo mchana, ya upepo mkali, ikapita. Paa la banda la mashine linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya magunia. Nimemwomba tena Mama tuyahamishie chumba cha nyuma, ambacho ni kikavu na hakilali mtu. Akasema, "Kile kina wenyewe." Huyu ni mama wa marehemu mume wangu. Tumebaki wawili katika nyumba hii, mimi na yeye, na bado ananijibu kama anayemjibu mpangaji aliyechelewesha kodi. Nimefunika magunia kwa turubai.

Jioni Shemeji alileta dizeli. Ni mdogo wake marehemu, na mashine ya kusaga ni yetu nusu kwa nusu. Bei imepanda tena. Alihesabu noti za mauzo ya leo mpaka ulimi ukamkauka kwa kulamba kidole, akasema biashara ya mwaka huu ni kuuza raba za kufungia noti, maana raba ndiyo yenye thamani. Nilicheka. Siku hizi hakuna mwingine anayenichekesha.

7 Machi

Mvua kutwa. Mama amekula vijiko viwili, akasukuma sahani.

11 Machi

Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ameleta mahindi ya kusaga na mfuko wa noti. Mfuko wa noti ulikuwa mkubwa kuliko wa mahindi. Nilimwambia bei aliyoisikia ilikuwa ya asubuhi, sasa ni mchana. Alinitazama kidogo.

"Mama Mashine, hizi nikushonee gauni? Kitambaa kitakugharimu zaidi."

Tulicheka wote. Akarudi kwake kutafuta nyongeza. Nilimsagia kabla hajarudi.

14 Machi

Kuanzia leo sipokei noti. Kila debe ninalosaga nachukua bakuli moja la unga, basi. Shemeji alikuna kichwa, akasema tutamlipaje mwenye dizeli. Nikamwambia na yeye ana tumbo. Tukaenda pamoja kumwuliza. Akakubali kabla sijamaliza sentensi.

20 Machi

Bakuli langu limekuwa pesa. Muuza sabuni anasema kipande kimoja nusu bakuli. Kinyozi anataka robo. Leo watoto wa mtaani walikuwa wanacheza duka, na kokoto zao wanaziita bakuli. Redio imesema tuwe watulivu, noti yetu ni imara. Aliyesoma tangazo alikohoa katikati.

Nilikwenda sokoni nikitembea kichwa juu. Kisha mwanamke mmoja, rika la mama yangu mzazi, akaniwahi kwa shikamoo. Nilidhani amekosea. Nilimtazama usoni, na hakuwa amekosea.

25 Machi

Mvua haikati. Mchana, mashine ikiwa imezimwa, nilisikia mtu akikohoa chumba cha nyuma. Kikohozi kikavu, cha mtu anayejizuia asikike. Nilidhani ni Mama. Nikageuka, nikamwona Mama jikoni, amekaa mikono mapajani, uso ameuelekeza ukuta ule ule.

"Na wewe umewasikia," alisema. Hakuuliza.

Nikamwambia ni mvua kwenye mifereji. Akasema, "Haya."

28 Machi

Nilipofungua banda asubuhi nilikuta alama sakafuni. Kila tunapofunga kazi, vumbi la unga hutua taratibu na kutandika sakafu nzima kama shuka. Juu ya shuka hiyo kulikuwa na viganja na magoti. Mtu ametambaa hadi chini ya mashine, akakomba unga uliodondoka, akarudi alikotoka. Viganja vidogo. Kufuli ya mlango wa nje ilikuwa salama.

Nilichukua ufagio nikafuta kila kitu kabla mtu hajaona. Sijui kwa nini nilifanya hivyo badala ya kuita watu.

29 Machi

Alama tena.

30 Machi

Tena. Nimemwambia Shemeji kuna mwizi wa unga. Alikagua kufuli, akakagua madirisha, akasema mwizi gani anayeacha magunia akakomba sakafu. Kisha akanitazama kwa huruma, akaniambia nipumzike. Amenunua kufuli nyingine. Alilipa kwa unga.

3 Aprili

Fundi ameleta cherehani yake. Si kuleta kwa kushonea. Ameileta kuuza.

Mahindi yamemwishia, na hakuna anayeshona nguo mwaka huu. Shemeji ndiye aliyepatana naye, mimi nilikuwa nasaga. Nilipozima mashine cherehani ilikuwa ndani ya banda na fundi alikuwa anaondoka na nusu gunia begani, akitembea upande kwa sababu ya utelezi.

"Ungemwachia," nilimwambia Shemeji. "Ungempa tu, alipe baadaye."

"Alipe kwa nini? Kwa mkono mtupu? Shemeji, nimemsaidia. Muulize mwenyewe kama sikumsaidia."

Na kweli fundi alinishukuru kupitia dirishani, mara mbili. Ndilo lililonikosesha raha.

Mama aliiona cherehani. Aligusa gurudumu lake, likazunguka kidogo. Hakula.

9 Aprili

Bandani sasa kuna kitanda cha chuma cha muuguzi wa mtaa wetu, milango miwili iliyong'olewa ikiwa na bawaba zake, redio tatu, na pete ya ndoa ambayo Shemeji anatembea nayo mfukoni. Kila kitu kimepatikana kwa upole. Hakuna aliyelia mbele yetu. Shemeji anavua kofia akizungumza nao, anawauliza hali za wagonjwa wao, na akipima hujaza bakuli mpaka linamwagika. Nilikuwa nampenda kwa hilo. Sasa nikimwona anavua kofia, nageuza uso.

Alama za viganja zipo kila asubuhi. Nazifagia kama kazi yangu nyingine.

15 Aprili

Nimejua viganja ni vya nani.

Kulipopambazuka niliamka na kiu. Kuna mlango mdogo wa kutoka jikoni kwenda bandani, haufungwi kamwe maana ni ndani kwa ndani, na mimi na Shemeji kwa akili zetu tulikuwa tunanunua kufuli za nje. Ulikuwa wazi. Chini ya mashine alikuwa Mama, amepiga magoti, anakomba unga kwa viganja na kuutia kwenye upindo wa gauni lake. Mama ambaye mchana hainuki kitini bila kushikwa mkono.

Nilimwita. Hakushtuka. Alisema, "Ngoja nimalize kona hii."

Nilingoja. Akamaliza, nikamwinua, nikamketisha jikoni. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi tukae karibu, magoti kwa magoti. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwiko. Nilitaka kumfuta, akaikunja.

"Unajua nyumba hii ilivyopatikana?" aliniuliza.

"Nimesikia babu yake marehemu aliinunua."

"Kwa nani?"

Sikujua. Hatukuwahi kuambiwa.

"Kwa baba yangu," alisema. "Mimi nilizaliwa chumba kile cha nyuma."

Miaka yote hiyo nimeamini, na mume wangu aliamini mpaka anakufa, kwamba Mama aliletwa hapa bibi harusi kutoka mbali na kwao hakukubaki mtu. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa.

Baba yake alikuwa karani wa posta, mtu wa shati jeupe. Wakati huo Mama alikuwa msichana ambaye hajavunja ungo. Watawala wa enzi ile waliondoka, noti zao zikabaki, na ndani ya masika moja zikawa karatasi. Wenye macho ya haraka walikimbilia chumvi. Chumvi ikawa pesa, kisha misumari, kisha blanketi. Baba yake hakukimbia. Alikuwa na mkoba wa noti uliojaa, na kila jioni aliufungua akawaonyesha watoto pale chini, kwenye sahihi. Hii ni sahihi ya mtu mkubwa, alisema, na mtu hatii sahihi yake halafu akaikana.

"Baba aliamini sahihi," Mama alisema. "Wenzake walimcheka, na yeye akawacheka. Mimi nilikuwa naye upande wake. Nilikuwa nawaambia watoto wenzangu nyie mtakula misumari."

Akaukunja upindo wa gauni unga usimwagike.

"Mimi nilitazama ile chumvi na ile misumari, mwanangu. Ilizunguka, ilizunguka, watu wakaishi. Halafu ikafika kwa mtu mmoja, ikakaa. Na ilipokaa ndipo watu walipoanza kufa. Mtu huyo ndiye mwenye mashine."

Babu yake marehemu mume wangu. Picha yake iko sebuleni, naifuta vumbi kila Ijumaa.

"Watu wakisimuliwa hudhani alikuja na fimbo," Mama alisema. "Alibisha hodi. Alivua kofia. Akaketi pale ulipoketi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anakohoa, akamwuliza mama yangu habari ya kikohozi. Akasema atatoa gunia moja la unga kwa nyumba. Baba akaomba mawili. Yule bwana alifikiri sana. Kisha akasema, gunia la pili nitawalipa kwa kumlisha binti yenu huyu mkubwa. Mwanangu atamwoa akikua."

Nilimshika mikono. Ilikuwa ya baridi, na unga ukaniingia kwenye vidole.

"Mimi ndiye gunia la pili," alisema.

Siku ya mwisho waliruhusiwa kulala chumba cha nyuma, wote pamoja, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikavu. Mdogo wao alikohoa muda wote, na mama yao alimziba mdomo kwa kiganja asimuudhi mwenye nyumba mpya. Mama alilala katikati yao. Alipoamka walikuwa wameondoka. Hawakumuaga. Walielekea ng'ambo ya mto, kulikosemekana kuna chakula. Tangu siku ile alianza kukomba unga wa chini ya mashine na kuuficha, ili wakirudi wakute chochote. Alikomba akiwa msichana, akakomba akiwa mke, akaacha alipozaa. Mwaka huu ameanza tena.

Nikamwuliza kama baba mkwe wangu alijua.

"Alijua. Alikuwa mtu mwema. Aliwasha mashine mapema kila siku ili nisiwasikie."

16 Aprili

Mama amenifungulia chumba cha nyuma. Makopo, vibuyu, soksi zilizofungwa mdomo kwa uzi, mifuko ya nguo za watoto wake. Zote zina unga. Wa zamani umekuwa jiwe, wa mwaka huu bado unateleza mkononi. Hakuna kilichoandikwa wala kupangwa. Harufu yake siisemi.

Nilisimama pale nikasikia kikohozi, nyuma yangu, karibu kabisa. Sikugeuka. Nilisema hodi, kama mtu aliyeingia bila kubisha.

19 Aprili

Mvua. Nimemwambia Shemeji tuache kupokea vitu vya watu. Akasema tutazungumza.

23 Aprili

Leo fundi alikuja na hati ya nyumba yake ndani ya nailoni. Shemeji alikuwa naye. Nyuma yao alisimama binti wa fundi, yule anayepita hapa na sare ya shule kila siku. Leo hakuvaa sare. Alikuwa na kifurushi.

Shemeji alivua kofia.

"Shemeji, fundi anataka kwenda kwa ndugu zake mpaka mambo yatulie. Tumekubaliana magunia mawili. Moja atachukua leo. Na huyu binti abaki hapa akusaidie wewe na Mama, ale, avae, asome hali ikiwa nzuri. Hilo la pili tutahesabu hivyo. Ni kwa faida yao."

Hajui. Naapa hajui. Hakuna aliyewahi kumwambia. Maneno yalitoka mdomoni mwake kama aliyarithi pamoja na pua.

Nilimtazama Mama. Alikuwa mlangoni, amejishika kwenye fremu, na macho yake hayakuwa kwa Shemeji wala kwa fundi. Yalikuwa kwa kile kifurushi.

"Hatununui," nilisema.

"Shemeji."

"Hatununui nyumba. Na binti anarudi kwao. Fundi, chukua gunia, nenda nalo nyumbani kwako, ukae humo humo. Cherehani yako ipo pale, ichukue pia."

Fundi alibaki amenyoosha ile hati kama mtu aliyesahau mkono wake. Shemeji akanivuta pembeni. Hakupaza sauti, hajawahi kunipazia sauti.

"Unadhani tusiponunua sisi hatanunua mwingine? Kesho tu. Na atampunja. Sisi angalau tuna huruma."

"Atanunua. Lakini si kwa unga huu."

"Nusu ya unga huu ni wangu. Nina watoto wanne, Shemeji. Wewe huna. Usinifundishe uchungu."

Hilo lilinichoma mahali anapopajua. Nikasema, "Basi chukua nusu yako. Yangu ina kazi."

Aliondoka kwenye mvua bila kofia. Aliisahau mezani.

24 Aprili

Kitanda kimerudi kwa muuguzi. Milango imerudi. Mwenye milango aliniuliza mara tatu nataka nini. Nilipomwambia sitaki kitu alikasirika, akaona namchezea. Sikujua kwamba kurudisha ni kugumu hivi. Pete bado iko mfukoni mwa Shemeji.

Nimepiga moyo konde. Magunia yakigawanywa, ya kwangu hayafiki popote.

29 Aprili

Lori lilikuja asubuhi, na mvua. Shemeji, tajiri mmoja mgeni mwenye viatu vyeupe, na wapagazi. Alikuja kuchukua nusu yake kuiuza. Hilo ni haki yake, nilisimama pembeni. Wakapakia. Kisha wapagazi wakaanza kufungua boliti za injini.

"Injini nimemuuzia pia," Shemeji alisema akitazama chini. "Nusu ni yako, nitakupa fungu lako."

"Utanipa nini? Noti?"

Hapo Mama akatoka. Sikumshika, alitembea mwenyewe hadi kwenye mzani mkubwa wa banda, akapanda juu yake, akasimama. Mzani ukalia.

"Mwanangu," alimwambia Shemeji. "Pima na mimi."

"Mama, shuka, utaanguka."

"Nipime. Babu yako alininunua kwa gunia moja la unga wakati baba yangu anauza nyumba hii. Bei unaijua, juzi uliitaja mwenyewe. Kama unauza vya babu yako, na mimi ni chake. Nipakie."

Wapagazi waliacha kazi. Tajiri aliuliza, huyu bibi anasema nini. Shemeji alimtazama mama yake, akanitazama mimi, na niliona anaanza kuelewa, taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa toka mbali. Ningesema akalia, au akamshusha mama yake akafukuza lori. Hakufanya hivyo. Alisema kwa sauti ndogo, "Malizieni," akaenda kusimama nyuma ya lori tusimwone.

Walichukua injini. Mama alisimama kwenye mzani mpaka lori likakata kona. Nilimshusha. Alikuwa mwepesi, mwepesi kabisa.

30 Aprili

Kimya. Sikujua nyumba hii ina kimya kikubwa hivi. Mama anasema sasa hawakohoi tu, wanazungumza. Nikamwuliza wanasema nini. Akasema, "Bado wananong'ona."

2 Mei

Wanawake wanaleta vinu vyao, tunatwanga bandani kwa zamu. Nagawa unga kwa anayehitaji, kwa bakuli, sichukui kitu. Binti wa fundi anatwanga kuliko sisi wote. Fundi ameshona mifuko kwa turubai langu.

6 Mei

Ilinibidi leo nijue mimi ni mtu wa namna gani. Bado sina uhakika.

Ilienea habari kwamba Mama Mashine ana magunia amefukia, anawapa majirani zake tu. Walikuja baada ya chakula cha mchana kisichokuwepo, mtaa wa juu na mtaa wa chini, wengi kuliko walioweza kuenea barabarani. Jiwe la kwanza lilipiga bati. La pili lilivunja dirisha la sebuleni, na picha ya babu ikaanguka. Fundi alisema tufunge milango tutokee nyuma. Muuguzi alinishika mkono.

Miguu yangu ilikuwa tayari imegeukia nyuma. Naliandika hilo kwa kuwa ni kweli. Ila nyuma kulikuwa na kile chumba, na Mama alikuwa ameketi mlangoni pake, na nikaona kwamba tukikimbia wataingia humo, watakuta makopo yale, watu wenye njaa watakuta unga uliofichwa miaka yote hiyo, na hakuna maelezo duniani yatakayoniponya.

Nikafungua mlango wa mbele. Nikafungua wa banda. Nikasema wachague watano wao waingie waone kila chumba, kila pembe, na kilichopo tugawane wote leo hii, hadi cha mwisho. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nikarudia. Mwanamume mmoja mwenye rungu akaniuliza, "Na kesho wewe utakula nini?" Nikasema, "Nitakuja kwako."

Watu wa nyuma walicheka. Sikuwa nimekusudia mzaha, lakini kicheko kile kilitufaa.

Waliingia watano. Kwenye chumba cha nyuma walikaa muda mrefu. Yule mwenye rungu alitoka ameliacha ndani. Aliwaambia wenzake, "Hamna kitu cha kula humo. Msiingie." Sijui Mama alimwambia nini.

Tuligawa yote, bakuli bakuli. Wa mwisho walipata nusu. Mimi na Mama tulipata pumba.

7 Mei

Yule mwenye rungu ameleta mihogo miwili. Ameweka mlangoni, hakubisha.

12 Mei

Pumba.

17 Mei

Mvua inapungua. Redio imetangaza noti mpya. Za zamani zimekufa kuanzia leo, zote. Benki wanampa kila mtu mzima kiasi kilekile, na malori ya chakula yameanza kuvuka daraja. Nilipanga foleni kutwa. Noti ni ngumu, inanukia rangi, na pale chini ina sahihi nzuri ya mviringo. Nilimpelekea Mama.

"Inanunua nini?" aliniuliza.

"Bado hakuna anayejua."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Sijawahi kumsikia akicheka tangu niolewe.

22 Mei

Shemeji amerudi. Tajiri wa viatu vyeupe alimlipa kwa noti za zamani, magunia ya noti, siku chache kabla hazijafa. Alitembea kwa miguu. Watoto wake wako hai. Walikula kwa wakwe zake. Amekonda, shati linamning'inia. Alisimama barabarani upande wa pili, hakuthubutu kuvuka, mpaka Mama akamwita kwa jina la utotoni.

Hakuomba msamaha, na mimi sikumsaidia kuomba. Alinipa pete ya ndoa. "Sikuiuza hii," alisema. Nimeirudisha kwa mwenyewe.

25 Mei

Mama amemwambia, "Utanipeleka ng'ambo ya mto." Hakumwambia mimi. Amemchagua yeye.

Tangu alipoachwa hajavuka lile daraja hata siku moja. Nilimwuliza kwa nini sasa. Akasema aliogopa kufika akute wapo hai, wanamsubiri, na yeye ameshiba.

2 Juni

Tumekwenda leo, sisi watatu, kwa lori la chakula lililokuwa linarudi tupu. Jua kali, barabara bado ina tope. Lori liliishia njiani, Shemeji akambeba Mama mgongoni.

Kule kuna nyumba za matofali na bomba la maji. Tulimwuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo kama anajua walikofikia watu wa ile njaa ya zamani. Alifikiri, akatuonyesha nyuma ya nyumba zao, kipande cha ardhi chenye nyasi tu katikati ya mashamba.

"Pale hatulimi," alisema. "Tuliwakuta wazee hawalimi, na sisi hatulimi. Wanasema kuna watu."

"Wako wangapi?" Shemeji aliuliza.

"Nani atajua, kaka yangu."

Hakuna jiwe wala alama. Hatujui kama wako hapo au walikwenda mbele zaidi, au kama yule mdogo alipona akawa mtu mzima mahali fulani akaota mvi. Mama hakuuliza. Alimwambia Shemeji amshushe. Aliketi kwenye nyasi, akavua viatu, akaanza kuwataja. Baba yake. Mama yake. Wadogo zake, mmoja mmoja, kwa majina waliyoitwa nyumbani. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote na sikuwa nimesikia hata jina moja. Hakuwa analia. Alikuwa anaita, kwa sauti ya kuwaita watu waje kula.

Alipofika mwisho akamtazama Shemeji.

"Hao ni wajomba zako na mama zako wadogo. Sema."

Shemeji alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa. Akaanza. Alikosea jina la tatu. Mama akamrekebisha, akamwambia aanze tena mwanzo.